Kuchagua pikapu iliyotumika ya kuvuta tela na kufika mialoni

Ukiingia yadi yoyote ya magari Mwanza ukasema unatafuta pikapu ya kazi, utaonyeshwa Hilux kabla hujamaliza sentensi. Si vibaya. Ila mwenye yadi hajui unavuta nini, na hajakuuliza. Anayebeba mifuko michache ya saruji kutoka Igoma kwenda Kisesa anaweza kununua karibu chochote kinachowaka. Anayeshusha boti Kayenze kila wiki, anayevuta tangi la maji kwenda shambani Magu, au anayefuata dagaa kwenye mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, ambayo barabara yake inaishia kwenye nyasi, huyo anunue kwa mpangilio mwingine: uzito kwanza, chasisi pili, jina la gari baadaye.

Hatua ya 1: Pima tela kabla ya kwenda kuangalia gari

Pakia tela lako kama linavyopakiwa siku ya kazi, ulipeleke kwenye mizani ya malori. Viwanda vya kuchambua pamba vina mizani hiyo, na baadhi ya wanunuzi wakubwa wa nafaka pia. Kama tela bado hujalinunua, jumlisha kwa karatasi. Mfano: boti la faiba kilo 600, tela la chuma 350, injini ya boti ya farasi 40 kama kilo 80, petroli lita 100 ambazo ni kama kilo 75, nyavu zilizolowa pamoja na nanga na turubai 200. Tayari umepita kilo 1,300, na hakuna aliyekaa ndani ya boti.

Sasa weka namba hiyo mbele ya namba za watengenezaji. Kila pikapu ina viwango viwili vya kuvuta: tela lenye breki zake na tela lisilo nazo. Kwa tela lisilo na breki, pikapu nyingi za daraja hili zimewekewa kilo 750. Kwa tela lenye breki, Land Cruiser 79 hufika kilo 3,500, Ford Ranger ya kuanzia 2011 huwa kilo 3,350 au zaidi kwa matoleo ya 4x4, na Isuzu D-Max ya kuanzia 2012 huwa kati ya 3,000 na 3,500 kutegemea toleo. Hilux Vigo iko chini yao, kati ya 2,250 na 2,500. Matela mengi yanayochomelewa gereji za hapa hayana breki kabisa. Maana yake ni kwamba boti letu la kilo 1,300, kwa viwango vya watengenezaji, halivutwi na pikapu yoyote kati ya hizo, iwe mpya iwe kuukuu, mpaka tela liwekewe breki. Tenga hela ya breki za tela kabla ya kuanza kubishana na dalali kuhusu rimu.

Kuna namba moja zaidi ambayo watu huiruka: uzito wa pua ya tela, yaani ule unaokandamiza sehemu ya kuvutia. Uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote, kwa boti letu kilo 130 hivi. Mizani ya kuning'iniza wanayopimia sangara inatosha, mradi imudu uzito huo: ifunge kwenye mti imara, inua pua hadi usawa wake wa kawaida, soma. Pua ikiwa nyepesi mno, tela litaanza kuyumba ukiteremka kwa kasi na litaburuta gari nalo. Ikiwa nzito mno, mbele ya gari inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu ya miti. Kilo hizo 130 ni sehemu ya mzigo wa gari, kwa hiyo ziondoe kwenye kile unachotaka kubeba nyuma.

Hatua ya 2: Zijue njia zako

Huku kwetu kuna ardhi za aina tatu zinazohusu ununuzi huu. Kuna mawe na changarawe za vilima vya jiji na vijiji vya karibu. Kuna mchanga wa ufukweni. Na kuna mbuga, ule udongo mweusi wa mabondeni kuelekea Magu, Misungwi na Kwimba. Mbuga ikiwa kavu unapita bila wasiwasi. Ikinyeshewa, udongo unajaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi linabaki duara laini, na hapo hakuna jina la gari litakalokutoa. Kwa mbuga iliyolowa mimi nina ushauri mmoja tu: subiri jua.

Kwa mawe na mchanga, unachohitaji ni 4x4 yenye gia nzito, ile L4. Hapa kuna mtego. Hilux Vigo nyingi zilitoka Thailand, na Thailand waliuza toleo liitwalo Prerunner: limenyanyuka, lina matairi makubwa, kwa macho ni 4x4, lakini linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. D-Max Hi-Lander ni hivyohivyo, na Ranger Hi-Rider pia. Usiamini stika ya ubavuni. Lala chini ya gari uangalie kama kuna difu mbele na kama kuna propela inayokwenda mbele kutoka kwenye giaboksi. Visipokuwepo, bei ishuke au uondoke.

Singo kabini au dabo kabini? Kwa kuvuta mara kwa mara nachagua singo. Dabo kabini nyingi zina karai (sehemu ya kubebea mzigo) linalotokeza sana nyuma ya ekseli, na uzito wa pua ukining'inia huko nyuma unafanya kazi ya mtaimbo dhidi ya chasisi. Lakini mwenye familia anayetaka gari moja la kila kitu hatanisikiliza, na siwezi kumlaumu.

Hatua ya 3: Injini, na nani ataitengeneza

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini ya dizeli isiyo na tabo hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo hapa inafanya kazi ikiwa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya kumi. Hilux ya zamani yenye injini ya 3L au 5L ni gumu kufa na kila fundi wa Mabatini anaijua, lakini ukiifungia tani moja na nusu nyuma, kila kilima utakipanda kwa gia ya pili huku daladala zikikupigia honi. Kwa tela jepesi inafaa sana. Kwa tela zito itakuchosha, nawe utaichosha.

Land Cruiser 79 yenye 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, nayo haina tabo. Nguvu yake ya mzunguko (torque) ni nyutoni-mita 285, chini ya Ranger ya lita 3.2 yenye 470. Ukisoma karatasi utadhani Ranger ndiyo jibu. Tofauti iko kwenye chasisi, ekseli na giaboksi, ambazo kwenye Land Cruiser zimetengenezwa kwa ajili ya kuteswa, na kwenye mafuta. 1HZ ina pampu ya zamani isiyo na kompyuta. Injini mpya, yaani 1KD na 2KD za Vigo, 4JJ1 ya D-Max, YD25 ya Navara na zile za Ranger, zina nozeli za umeme na shinikizo kubwa mno, na maji kidogo au mchanga kwenye dizeli huziua. Kama kituo chako cha mafuta ni Mwanza mjini, hilo si tatizo kubwa. Kama mara nyingi unaongezea kwenye madumu ya kijijini, liwe tatizo lako la kwanza. Chujio la maji kwenye dizeli ni bei ndogo mbele ya nozeli nne.

Kwa kila injini uliza swali lake. Vigo ya 1KD: washa (pete za kuziba) za nozeli zilibadilishwa lini? Zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini hufa kwa kukosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Kufungua sampu kabla ya kununua si usumbufu, na muuzaji anayekataa amekujibu. Navara ya YD25: sikiliza cheni ya taimingi injini ikiwa baridi. 3L, 5L, 1HZ na hata 1KD zinatumia mkanda wa taimingi: kama hakuna ushahidi umebadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ranger ya 2.2 na 3.2 ina tabia yake ya pekee: oili ikimwagwa na gari likaachwa kavu muda mrefu, pampu ya oili inaweza kushindwa kuvuta tena. Kwa hiyo muulize mwenye gari nani humwaga oili, na kama huyo fundi huliacha hivyo akaenda kula.

Ukinichagulisha leo: tela chini ya kilo 750, Hilux ya 5L. Kati ya tani moja na mbili zenye breki, D-Max ya lita 3.0, ambayo yadi nyingi huiuza chini ya Vigo ya umri uleule bila sababu ya maana. Zaidi ya hapo, kila wiki, porini, Land Cruiser 79, na ukubali inavyokunywa dizeli.

Hatua ya 4: Gari limetoka wapi

Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017. Kwa hiyo ukiambiwa Vigo ya 2009 "imetoka Japani moja kwa moja", mtu huyo ama hajui ama anajua sana. Itakuwa imetoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Kutoka Uingereza ndiko niogopako zaidi, kwa sababu barabara zao hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi. Navara za D40 za huko zina sifa mbaya ya chasisi kuoza nyuma ya kabini mpaka kukatika.

Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo gari lililokaa Mwanza huoza polepole kuliko la Dar es Salaam au Tanga. Isipokuwa lililobeba kayabo, yaani samaki wa chumvi. Chumvi ya samaki wale hupenya chini ya karai na kukaa juu ya chasisi, na barafu ya sangara inayoyeyuka huisambaza vizuri. Harufu inaweza kufuliwa. Kutu haifuliki.

Kundi jingine ni magari ya migodini, hasa Land Cruiser. Huuzwa mnadani, yakapigwa rangi, yakaja kusimama yadi yakiwa "ya mtu binafsi". Yajue kwa matundu yaliyozibwa: juu ya paa ilipokuwa taa ya kuzunguka, na mbele ilipokuwa fimbo ya bendera. Si lazima uyakimbie, kwa sababu mengi yalikuwa yakifanyiwa sevisi kwa ratiba. Lakini kilomita zake hazisemi kitu, kwa kuwa huwa yanaunguruma yakiwa yamesimama kwa saa nyingi, na chasisi imekula mashimo kila siku. Magari yaliyokuwa na namba za STK, SU au DFP, yaani ya serikali, mashirika ya umma na miradi ya wafadhili, nayo huja kwa minada. Hayo hutofautiana kulingana na dereva aliyekuwa nayo, na dereva huyo mara nyingi anapatikana. Mtafute, mnunulie soda.

Hatua ya 5: Lala chini

Hii ndiyo sehemu ya kupoteza nusu siku. Nenda asubuhi, na nguo mbaya, tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Gari lisiwe limetoka kuoshwa, na kama chini kumepigwa rangi nyeusi inayong'aa, uliza kulikoni.

Anza na chasisi. Igongegonge kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na kumwaga vumbi jekundu. Kaa zaidi sehemu tatu: nyuma ya kabini, panapofungwa springi za nyuma, na mwisho wa chasisi panapofungwa chuma cha kuvutia tela. Nyufa huanzia hapo. Weldingi yoyote ambayo haiko upande wa pili pia ina hadithi, na omba usimuliwe.

Halafu springi za nyuma. Majani yakiwa mengi kuliko ya kiwandani, mwenye gari alikuwa akizidisha mzigo. Watu hudhani kuongeza majani kunaongeza uwezo wa kubeba. Kunachofanya ni kuzuia gari lisikae chini, huku uzito uleule ukiendelea kuikunja chasisi na kuchosha beringi za ekseli.

Fungua nati ya kujazia oili kwenye difu zote mbili na kwenye giaboksi ndogo ya 4x4, chovya kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Hili ni gonjwa la magari ya mwaloni: unafika difu likiwa la moto, unarudi nyuma moja kwa moja kwenye ziwa, hewa ya ndani inapoa ghafla na kujikunja, nayo huvuta maji kupitia sili. Kuna bomba dogo la kupumulia juu ya ekseli kuzuia hilo. Angalia kama lipo na kama halijaziba kwa tope. Mengi yameziba.

Chuma cha kuvutia chenyewe kifungwe kwa bolti kwenye reli zote mbili za chasisi. Kilichochomelewa kwenye bampa ya nyuma ni pambo.

Matairi yasome ubavuni. Namba nne za mwisho za tarehe, mathalani 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzima na mpira ukawa umekauka.

Hatua ya 6: Washa, kisha vuta

Injini iwe baridi utakapofika. Weka kiganja juu yake. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na huwa kuna sababu. Moshi mweupe unaoisha baada ya dakika moja asubuhi si kesi, wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Ikiwaka, fungua kifuniko cha oili ukiache juu bila kukifunga. Kikirukaruka na moshi kutoka kwa mikupuo, injini inapumua na ringi zimekwisha.

Usikubali kuzungushwa barabara ya lami ya Makongoro halafu mkono wa hongera. Omba kwenda na tela. Leta lako au azima lenye mzigo, utafute kilima kirefu, usimame katikati, uondoke tena. Klachi ikinuka au injini ikiunguruma bila gari kwenda, umeona. Kama ni otomatiki, panda mara mbili mfululizo kisha uangalie kama gia zinachelewa kuingia. Fuatilia mshale wa joto. Mwisho weka L4, uteremke bila breki, usikilize kama gia inaruka. Kama muuzaji anaogopa tela, mwambie ndiyo kazi unayoinunulia.

Hatua ya 7: Makaratasi

Namba ya chasisi kwenye Hilux na Land Cruiser imepigwa kwenye reli ya kulia karibu na gurudumu la mbele. Ikwangue, uifananishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Injini ikiwa imebadilishwa, kadi ya TRA iwe imebadilishwa pia. Faini za trafiki huonekana kwenye mfumo wa polisi kwa kuingiza namba ya gari, na zilipwe kabla hujatoa hela. Ukumbuke pia kwamba "namba D" au "namba E" inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lini lilitengenezwa. Ukitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo, ni namba nyeupe na leseni ya LATRA. Tela nalo linasajiliwa na kuwa na kadi yake.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Usimalize hela yote kwenye bei. Badilisha oili zote, za injini, giaboksi na difu, pamoja na vichujio na mkanda wa taimingi kama upo. Refusha bomba la kupumulia difu hadi juu ndani ya chumba cha injini. Ni mpira wa kawaida na klipu mbili. Fungua beringi za magurudumu ya tela, zisafishwe na kupakwa grisi mpya, na beba seti moja ya akiba pamoja na sili zake, kwa sababu ukikatikiwa baada ya Daraja la Kigongo–Busisi ukielekea Sengerema jioni, hakuna duka la beringi pale. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi hadi PSI 18 au 20, na uwe na pampu ya kuujaza kabla ya kurudi kwenye lami.

Ukifika mwaloni, acha gari na tela vipoe kama dakika ishirini kabla ya kurudi nyuma majini. Na chomoa plagi ya taa za tela kwanza, balbu za moto zikiguswa na maji hupasuka.